Matanga ya Baba Mdogo Clavery

Baba mdogo Clavery hakuwahi kuzaliwa, jambo ambalo halikumzuia kufa. Alikufa siku ya Alhamisi, mwezi wa Januari, saa tatu kasoro asubuhi, katikati ya bonde lililo chini ya kijiji cha Igurwa, akiwa na umri ambao mfiwa hakupata nafasi ya kuufikiria.

Mfiwa ni Theoneste Hagenimana, mtu wa miaka arobaini na tisa, mwembamba, mwenye tabia ya kutazama kitu kwa muda mrefu kabla ya kukiamini. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda na jamvi moja. Yeye alizaliwa huku na hajaenda popote. Kwa mkewe huongea Kinyarwanda, kwa majirani Kinyambo, na Kiswahili amekiweka kwa ajili ya wageni, serikali na mbwa. Maisha yake yote amepalilia migomba ya watu, Kiruruma, Ndama, popote penye kibarua, na nyumba yake ya vyumba viwili imesimama pembeni mwa kibanja, shamba la migomba, cha mzee Gaudiosus, ambaye Theoneste amemfanyia kazi miaka kumi na tisa bila wao wawili kugombana wala kukaa meza moja.

Miaka minne iliyopita kijiji kiliamua kwamba bonde ni hifadhi. Watu walikuja na ramani, wakaonyesha mahali mafunjo yanapoanza na yanapokwisha, habari ambayo mafunjo yenyewe yalikuwa yameitoa wazi tangu zamani, kisha wakatafuta mlinzi. Theoneste alipewa kofia, buti ambazo moja inavuja, daftari, na darubini ambayo jicho moja tu ndilo linaloona. Kazi yake ni kushuka kila asubuhi hadi kwenye kibanda cha mafunjo, kukaa kimya, na kuandika aliyemwona: nzohe, wale swala wa majini, wangapi wametoka kunywa, mwewe yuko upande gani, yule ndege mwenye kifua chekundu ameimba au amenuna. Mara mbili kwa mwaka huja wageni wanaonong'ona. Kabla ya hapo, tangu akiwa mtoto, watu walimpa maharage ili awafukuze korongo mashambani. Sasa anapewa posho ili asiwepo wa kuwafukuza. Ndege ni wale wale na mtu ni yule yule; kilichoongezeka ni kofia.

Nasema korongo nikimaanisha korongo taji, mwenye kishungi cha dhahabu kichwani na mashavu meupe, ambaye Theoneste humwita musambi kama mama yake alivyomwita. Ni ndege mzuri kupita kiasi, na hilo ndilo tatizo lake. Mwaka juzi Theoneste aligundua kiota na, kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuwa na cha kujivunia, akawasimulia watu kilabuni. Wiki iliyofuata vifaranga hawakuwepo. Miezi kadhaa baadaye aliwaona wawili wamekua, mabawa yamekatwa, wakitembea kati ya meza za plastiki kwenye nyumba moja ya wageni na kutupiwa chipsi. Aliyewapeleka pale, kwa maneno ya watu, alikuwa Ambrose, dalali, anayeuza ndizi za mwingine, kiwanja cha mwingine na pikipiki ya mwingine, na ambaye hakuona sababu ya kuwabagua watoto wa mwingine. Hakuna aliyethibitisha. Hakuna aliyejaribu.

Kwa hiyo safari hii, korongo wale walipotaga mayai mawili, Theoneste hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Gloriose mkewe, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akimwambia hata ndoto.

Ila siri peke yake haimzuii mtu mwenye mundu. Huku kwetu nyasi za bondeni zina kazi mbili: kutandazwa chini ya migomba ili udongo usikauke, na kutandazwa ndani ya nyumba siku ya shughuli ili watu wakae. Zile bora, nyembamba na laini, humea pale ambapo maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, na korongo naye, bila kushauriana na mtu yeyote, amechagua hapo hapo. Aliyeziona kwanza huzifunga fundo kwenye kona, na zikishafungwa ni zake, mwingine anazipita. Nyumba mbili tu ndizo zinaruhusiwa kukata nyasi za mtu zilizofungwa: nyumba inayopokea wakwe, na nyumba yenye msiba. Zikigongana, msiba unatangulia.

Theoneste alifunga mafundo manne kuzunguka kiota, hatua ishirini kila upande. Yalifanya kazi siku ishirini na tisa. Kisha Vero, binti wa Gaudiosus, akaposwa, na wakwe wakapangiwa Jumamosi.

Mtu atauliza kama Theoneste hakujua. Alijua. Alikuwa amealikwa, tena ndiye aliyechimba choo cha wageni. Lakini kichwani mwake shughuli ilikaa upande mmoja na bonde upande mwingine, kama watu wasiosalimiana.

Alhamisi ile alikuwa kibandani tangu kulipopambazuka. Jike aliinuka, akainamisha shingo, akatazama chini kati ya miguu yake, akakaa tena polepole sana. Baada ya muda akarudia. Theoneste hakuhitaji kitabu. Yai lilikuwa linagongwa kutoka ndani. Leo moja, labda na la pili kabla ya jioni. Na watoto wa korongo hawakai kiotani, wakishakauka huondoka kwa miguu yao. Hadi kesho mchana, alihesabu. Kesho mchana watakuwa wametembea, wamo ndani ya mafunjo, na hakuna mtu atakayewapata.

Ndipo aliposikia kicheko cha wanawake.

Walikuwa sita, kila mmoja na mundu na kamba, wameshikilia sketi zao juu ya magoti. Mbele alikuwa Kokwijuka, mke wa Gaudiosus, mama yake Vero, mwanamke mpana ambaye huingia kwenye maji jinsi anavyoingia kanisani, bila kupunguza mwendo. Alisimama kwenye fundo la kwanza, akaligusa, akatazama mbele.

"Haya, njooni!" aliita. "Kuna mtu ametuchagulia. Angalieni zilivyo laini. Mungu ambariki, popote alipo."

Popote alipo palikuwa hatua mia mbili kutoka hapo, na hakuweza kupiga kelele. Akipiga kelele jike ataruka. Jike akiruka kunguru watakuwa wa kwanza kujua, na mwewe alikuwa tayari anazunguka juu, bila haraka. Theoneste akatoka kibandani, akaingia majini, akaanza kutembea kwa namna ambayo si kukimbia. Buti ile ya kushoto ilijaa papo hapo.

Korongo dume alimtangulia. Alitokea upande wa kushoto wa wanawake, akaangusha bawa moja kama limevunjika, akapepesuka, akaanguka, akainuka, akienda mbali na kiota.

"Mtazameni huyu," alisema Kemirembe, mdogo kuliko wote. "Amelewa rubisi asubuhi yote hii."

"Ni mume wa nani?" mwingine akauliza, na wote wakacheka, na hakuna aliyemfuata. Dume akabaki amelala kwenye maji na bawa lake, amedharauliwa. Mundu wa Kokwijuka ukakata konzi ya kwanza. Zilibaki hatua kumi na tano kufika kiotani.

"Shikamoo, mama!" Theoneste alisema, kwa sauti ya chini iliyokosa pumzi.

Kokwijuka aligeuka. "Marahaba, Baba Liliane. Mbona unatokea majini kama nzohe?"

"Mama, hizo nyasi zina mwenyewe."

"Najua zina mwenyewe. Nimeona fundo, sina upofu. Jumamosi napokea wakwe. Mwenyewe akija mwambie Mama Vero anamshukuru."

"Mwenyewe ni mimi."

"Wewe?" Alimtazama kutoka kofia hadi buti. "Nyasi za vyumba viwili ndiyo ufunge uwanja mzima? Unapokea wakwe? Liliane si yuko darasa la sita?"

Wanawake walicheka tena. Mundu ukainuka. Na Theoneste, ambaye maishani mwake alikuwa hajasema uongo mkubwa kuliko kuwaambia watu wa hifadhi kwamba buti haivuji, akasikia mdomo wake ukisema:

"Nina msiba."

Mundu ukabaki hewani.

"Msiba?" Kokwijuka alisema. "Wa nani?"

"Baba mdogo. Clavery. Ng'ambo ya mto, huko Rwanda. Wamenipigia simu. Wanamzika huko huko."

Hapo ndipo mtu anayewafahamu wanawake hawa angeweza kumwonya. Kokwijuka alitupa mundu, akaweka mikono kichwani, na kilio alichotoa kilifika hadi barabarani. Watano wakampokea. Walimlilia Clavery kwa jina, wakamwuliza kwa nini ameondoka bila kuaga, na Kemirembe, aliyekuwa anacheka dakika moja iliyopita, alikuwa na machozi ya kweli. Theoneste alisimama katikati yao, maji yamemfika vifundoni, akitazama juu ya mabega yao kishungi cha dhahabu kilichoinuka kidogo kwenye nyasi, kikasita, kikashuka tena. Mwewe alikuwa ameteremka duara moja.

"Basi," Kokwijuka alisema, akijipangusa uso kwa kanga. "Zetu tutatafuta pengine. Msiba unatangulia."

"Asante, mama."

"Lakini mfiwa hashiki mundu." Alikuwa ameshaokota wake. "Kwa hiyo wewe nenda nyumbani ukakae na mkeo. Hizi tutakukatia sisi. Tuko sita, saa moja tu tumemaliza. Kemirembe, anzia kule."

Ni kweli kwamba mfiwa hashiki mundu. Theoneste aliijua desturi hiyo vizuri kama mtu mwingine yeyote; alikuwa amewakatia wafiwa nyasi mara nyingi. Ilikuwa tu haijawahi kumgeukia. Alimwona Kemirembe akipiga hatua mbili, tatu, kuelekea kule.

"Mama," alinong'ona. "Mwambie asimame. Nakuomba. Njoo hapa peke yako."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile. Kokwijuka aliinua mkono na Kemirembe akasimama. Kisha akamfuata Theoneste hatua chache, na Theoneste akamvisha darubini shingoni, akamwelekeza.

"Giza tupu," Kokwijuka alisema.

"Jicho la kulia, mama."

Alitazama muda mrefu. Pale kwenye lundo la nyasi jike alikuwa amekaa, ametulia kwa hofu, na chini ya bawa lake palitokeza kitu cha rangi ya mchanga, kimelowa, kidogo kuliko ngumi, kikajaribu kusimama, kikaanguka kifudifudi.

"Kesho mchana watakuwa wameondoka wenyewe," Theoneste alinong'ona. "Kesho mchana tu. Ambrose akijua leo, hawafiki."

Kokwijuka hakushusha darubini. "Na Clavery?"

Theoneste alivua kofia.

"Umeniliza," Kokwijuka alisema taratibu. "Mbele ya wanawake watano."

"Nisamehe, mama."

"Nikirudi pale nikasema hakuna msiba, watauliza basi unaficha nini. Kemirembe atakuwa ameshafika sokoni kabla sijamaliza sentensi. Na mimi nitakuwa yule mama aliyemlilia mtu asiyekuwepo, Jumamosi mbele ya wakwe." Akamrudishia darubini. "Hapana, Baba Liliane. Mimi nimeshalia. Huyo mtu amekufa."

Akarudi kwa wenzake na kuwaambia kwamba nyasi zile zina maji mno, zitaozea ndani, wakate za kule juu karibu na barabara, za msiba na za wakwe pia. Kisha akamgeukia Theoneste kwa sauti ya watu wote: "Na wewe, nyumbani! Mfiwa hatoki uani mpaka kesho jioni. Unanisikia?"

Alimsikia. Alipanda mlima akiwa ameacha kiota bila mtu, mwewe juu yake, na kila alipogeuka alikuta wanawake wawili wakimsindikiza kwa heshima.

Gloriose alikuwa anamenya ndizi.

"Mama Liliane, nimefiwa," Theoneste alisema, kwa sababu ya wasindikizaji. Kisha, kwa Kinyarwanda na kwa sauti ya chini, akamweleza yote.

Gloriose aliweka kisu chini. "Umemuua nani?"

"Baba mdogo Clavery."

"Huna baba mdogo."

"Sasa ndiyo sina kabisa."

Alimtazama kwa namna ambayo wanawake humtazama mtu wanayemjua tangu zamani na bado wanamgundua. Kisha akavua kitambaa cha maua, akafunga cheusi, akatoka nje kupokea pole.

Watu walikuja. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi ya alivyotarajia: walikuja kweli. Walileta ndizi, maharage, kuni. Katekista aliuliza jina la ubatizo la marehemu, akaliandika kwa sala ya Jumapili. Bibi Laurensia, anayetembelea fimbo, alipanda kutoka bondeni upande wa pili na kukaa kwenye zile nyasi za barabarani, ngumu kama miswaki, akasema alimkumbuka Clavery, alikuwa mtu mpole. Theoneste aliitikia kwa kichwa. Hakulala, na kila aliyemwona alisema kwamba alimpenda mno baba yake mdogo.

Ijumaa, saa nne asubuhi, pikipiki ya Ambrose iliingia uani. Theoneste aliiona kupitia mlangoni. Iliegeshwa imeelekea bondeni. Nyuma ilikuwa na tenga lenye mfuniko, na Ambrose, aliyekuja kuhani msiba, alikuwa amevaa mabuti ya mvua.

"Pole sana, Baba Liliane."

"Nimeshapoa."

Ambrose alikaa. Mkono wake ulipapasa nyasi alizokalia, taratibu, kama anavyopapasa ngozi ya mbuzi anayemnunua. "Kemirembe aliniambia umefungia nyasi laini. Hizi ni za barabarani."

"Zile zina maji," Gloriose alisema kutoka mlangoni.

"Ahaa. Jana jioni nilipita juu pale, nikayaona mafundo. Manne. Yamekauka kabisa." Alitabasamu kwa upole wa mtu aliye msibani. "Fundo la juzi huwa bado kijani. Yale ni ya mwezi. Na mzee amefariki lini?"

"Jumanne," Theoneste alisema.

"Jumanne hii." Aliwatazama watu waliokuwamo; waliokuwa wanachambua maharage walikuwa wameacha. "Basi mimi najiuliza tu, maana mimi ni mtu wa kuuliza. Mwezi mzima mlinzi wa ndege amefunga nyasi katikati ya bonde, hazikati, haziuzi. Alikuwa anafunga nini? Nafikiri nikitoka hapa nishuke nikaangalie. Kukusaidia tu. Wewe si huruhusiwi kutoka?"

Ilikuwa saa nne na robo. Mchana ulikuwa bado mbali. Theoneste alifikiria kifaranga kilichoanguka kifudifudi, na kile cha pili ambacho hakuwa na hakika kama kimetoka. Alifikiria meza za plastiki. Kusema nyasi ni za nyumba yake lingekuwa jibu la kitoto, na Ambrose alikuwa ameshaanza kuinuka, mkono mmoja gotini.

"Nilimfungia yeye," alisema.

"Nani?"

"Clavery. Alikuwa anaumwa."

Ambrose alibaki nusu amesimama. "Ulimfungia nyasi za matanga mtu aliye hai?"

"Ndiyo."

"Mwezi mzima anapumua, na wewe umeshamfungia?"

"Ndiyo."

Huku, mtu anayemwandalia mgonjwa matanga hahesabiwi kuwa mwenye bidii. Anahesabiwa kuwa ndiye aliyemmaliza, na fundo lake ndilo uchawi. Bibi Laurensia, aliyemkumbuka marehemu, alishika fimbo yake, akainuka kutoka kwenye nyasi, akakung'uta sketi mbele na nyuma, akatoka bila kuaga. Wengine walifuata mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kitu jikoni kwake. Gloriose alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cheusi, macho chini, akiwapisha.

Ambrose ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alitazama bonde, akatazama tenga lake, akatazama mabuti yake, na ilionekana wazi usoni mwake kwamba hakuna bei ambayo ingemwingiza ndani ya mafundo yale. Akajipangusa kiganja kilichopapasa nyasi kwenye suruali. Pikipiki ikageuzwa ikaelekea Ndama, kwenye watu wengi, maana habari aliyoipata ilikuwa inaharibika haraka kuliko samaki.

Kokwijuka alikuja saa saba. Hakuingia. Alisimama uani, mbali kidogo, mahali anapoweza kuonekana na wapita njia kwamba hakuingia, na sketi yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Wawili," alisema. "Wanamfuata mama yao ndani ya mafunjo. Mmoja anaanguka anguka, lakini anainuka."

Theoneste alifunika uso kwa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake mdogo afariki, alilia.

Kokwijuka alimwacha amalize. "Nimesikia uliyomwambia Ambrose. Kanda nzima imesikia." Alitazama pembeni. "Kesho usije kwangu, Baba Liliane. Mimi najua. Wakwe hawajui, na siwezi kuwaambia. Vero nitamwambia unaumwa."

"Choo mlango wake una shida kidogo," Theoneste alisema. "Uinuliwe kwanza, ndiyo usukumwe."

"Nitawaambia. Chakula nitakutumia."

Jumamosi, wakati ngoma zinapigwa juu kwa Gaudiosus na wakwe wakilalamikia nyasi zinazochoma, Theoneste alikuwa kibandani na jicho lake la kulia. Aliandika: korongo taji, wakubwa wawili, wadogo wawili. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: hakuna.

Hadi leo hakuna mundu uliopita kati ya yale mafundo manne. Yameoza, yameanguka, na watu bado wanazunguka mbali, na korongo wametaga tena pale pale. Lakini mtu akiugua kati ya Igurwa na Kiruruma, Theoneste haambiwi. Mwezi wa nne Gaudiosus alishikwa na malaria kali, na Theoneste, baada ya miaka kumi na tisa, hakuweza kukaa nyumbani. Alikwenda, akabisha hodi. Kisha sauti ya mzee ikatoka chini ya mablanketi, dhaifu lakini ya mtu makini:

"Theoneste. Umefunga nyasi?"

"Sijafunga, mzee."

Mzee alikohoa mara mbili.

"Basi ingia. Lakini kaa karibu na mlango."

Akaingia, akakaa karibu na mlango.